Hesabu za KCSE: Mkinge mwanao na tumbo joto

Ni saa saba za usiku katika ploti moja ya ghorofa kando ya Barabara ya Kangundo, hapa Njiru. Matatu za mwisho zinapiga honi, redio ya jirani inalia, na wadogo wamelala chumba kicho hicho. Mwanafunzi wa kidato cha nne ameinamia swali la hesabu ambalo amelirudia mara tatu bila kulielewa. Mzazi anafurahia bidii hiyo. Asubuhi, mtoto ataamka na macho mekundu na kichwa kizito, na swali lile bado litamshinda.

Mzazi, huenda wewe mwenyewe hesabu ulizisahau zamani. Hata hivyo, kuna mengi unayoweza kumsaidia mwanao bila kushika kalamu.

Kwa nini akili hukwama?

Mtu anapokokotoa, ubongo hushika mambo kadhaa kwa wakati mmoja: tarakimu, kanuni na hatua inayofuata. Nafasi ya kuyashika ni ndogo. Hofu inapoingia, huchukua sehemu ya nafasi hiyo. Moyo hupiga mbio, viganja hutoa jasho, tumbo husokota, na jambo ambalo mtoto alilijua jana hutoweka. Huo si uvivu wala ujinga, na kumgombeza huongeza hofu ile ile.

Usingizi kwanza

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku. Wakati wa usingizi ndipo ubongo hupanga na kuhifadhi yale aliyosoma mchana. Anayekesha hujinyima hifadhi hiyo. Kwa mwanafunzi wa kutwa anayeamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa izimwe saa tatu na nusu usiku. Ikiwa nyumba ni chumba kimoja, zima redio na televisheni mapema, na simu ya mtoto ikae kwako hadi asubuhi.

Mwonye dhidi ya kahawa nzito, miraa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Nusu ya kafeini anayokunywa jioni huweza kuwa bado mwilini saa tano hivi baadaye. Atalala akigeuka geuka, na mapigo ya moyo yatazidisha wasiwasi.

Namna ya kufanya mazoezi

Kusoma mfano uliokwisha kufanywa kitabuni humdanganya mtoto kwamba ameelewa. Mfundishe hivi:

1. Afunike jibu, afanye swali mwenyewe, kisha alinganishe hatua kwa hatua.
2. Achanganye mada. Swali moja la riba, moja la trigonometria, moja la uwezekano. Katika mtihani hakuna atakayemwambia ni kanuni gani itumike, kwa hiyo azoee kuitambua mwenyewe.
3. Awe na daftari la makosa. Kila swali lililomshinda aliandike, alirudie baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki.
4. Afanye dakika 40 kila siku badala ya saa sita za Jumapili. Haba na haba hujaza kibaba.
5. Mwombe akueleze swali moja kila jioni, hata kama huelewi. Pale atakapobabaika ndipo penye pengo.

Ajue karatasi yenyewe

Hofu hupungua mtu anapojua anachokutana nacho. Hesabu za KCSE huwa na karatasi mbili, kila moja saa mbili na nusu, alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye jumla ya alama 50. Katika sehemu ya pili huchagua maswali matano kati ya manane, kila moja alama 10.

Hiyo ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Akijizoeza kutumia dakika moja na robo, atabakiwa na dakika 25 za kusahihisha. Swali likimkwamia, aliache na kuendelea. Aonyeshe hatua zote, kwani hesabu iliyofanywa kwa njia sahihi huweza kupata alama hata jibu likikosewa.

Siku ya mtihani

Apate kiamsha kinywa alichozoea: uji, viazi vitamu, yai, chai ya maziwa. Usimjaribishie chakula kipya siku hiyo. Kalamu, kikokotoo na vifaa vya jometria viandaliwe usiku, na aondoke mapema. Msongamano wa Barabara ya Kangundo haumngoji mtahiniwa.

Mwaka wa 2011, watafiti Gerardo Ramirez na Sian Beilock waliripoti katika jarida la Science kwamba wanafunzi wenye wasiwasi walioandika kuhusu hofu yao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walipata alama bora kuliko wenzao wenye wasiwasi ambao hawakuandika. Mpe mwanao karatasi aandike, kisha aitupe. Ndani ya chumba, avute pumzi akihesabu hadi nne, aitoe polepole akihesabu hadi sita, mara tano.

Lini umwone daktari?

Mtoto anayeumwa kichwa kila akisoma, au anayekodoa macho kutazama ubao, apimwe macho. Msichana anayechoka upesi na kuona kizunguzungu apimwe damu. Anayeumwa sana wakati wa hedhi atafutiwe dawa mapema, kabla ya wiki ya mtihani.

Na ukiona hali, halali, amejitenga, au anasema afadhali afe kuliko kufeli, usingoje matokeo wala usimwache peke yake. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Mwisho, usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mwambie leo, kabla ya mtihani, kwamba alama yoyote atakayoleta, mlango wa nyumbani utakuwa wazi. Maneno hayo humtulia moyoni kuliko dawa nyingi za duka.