Kabla ya Kuagiza, Uliza Mafuta

Jioni mtaani Usagara, Tanga, supu ya pweza ikianza kufuka na chipsi zikitiwa karaini, familia nyingi hula nje. Mwenye mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, huepuka chakula kinachomdhuru akasahau mafuta. Karai lililokaanga kamba alasiri ndilo linalokaanga chipsi za mtoto magharibi. Moto hauondoi mzio wa kamba, na masalio kidogo tu yanaweza kumvimbisha mtu. Anayedhuriwa na kamba mara nyingi hudhuriwa pia na kaa na kambakochi.

Ukimwambia mpishi kwamba kamba ni mwiko wako, atadhani ni mila ya kwenu, atawaondoa juu ya wali na kukupakulia uleule. Mweleze kinachotokea mwilini:

“Shikamoo mama. Mwanangu akila kamba koo linavimba. Mafuta haya yamekaanga kamba leo?”

“Marahaba mwanangu. Yamekaanga, tena mchana huu. Ngoja nimpikie yai kwenye kikaango kingine.”

Mpishi wa namna hiyo mshukuru, umrudie. Akikujibu “hamna neno, mpe tu,” mtafutie mtoto ndizi mbivu mle kwingine. Ulaya, tangu Desemba 2014, sheria inawataka wauza chakula wawajulishe wateja kuhusu vyakula 14 vyenye mzio. Kwa mama lishe wetu, tuulize wenyewe, bila haya.

Ulizia na karanga: husagwa zikatiwa kwenye kisamvu na mchicha, kisha upawa uleule ukachota maharage. Korosho na lozi huwamo kwenye halua, mayai kwenye katlesi.

Samaki ana lake. Jodari au kibua aliyekaa juani bila barafu hujaa histamini, na kupikwa hakuiondoi. Mlaji uso humwaka, kichwa humgonga, ngozi humwasha, na mara nyingi waliokula naye samaki huyo hupatwa vilevile. Huo si mzio, ni samaki aliyeharibika. Mweleze daktari mlikula wangapi, mtoto asije akanyimwa samaki maisha yake yote bure.

Mzio hujitokeza ndani ya dakika chache, pengine saa 2: midomo kuvimba, mabaka yanayowasha, kutapika. Sauti ikikwaruza, pumzi zikibana au mgonjwa akizirai, anahitaji sindano ya adrenalini pajani, upesi. Vidonge vya aleji hupunguza muwasho, havifungui koo. Maziwa hayasaidii kitu.

Mlaze, miguu uiinue; akitweta, aketi. Asitembezwe, wala asipakiwe bodaboda. Ita bajaji au teksi, mpeleke hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu zaidi. Akipata nafuu asikimbilie kurudi nyumbani, kwa kuwa uvimbe unaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Akae pale chini ya uangalizi mpaka daktari amruhusu.