Swali la Pili: Kijitabu cha Mazungumzo ya Nyumbani, Kazini na Mtaani

Kuanza mazungumzo si kazi ngumu kwetu. Majirani wakikutana dukani husalimiana: "Habari za tangu jana?" "Nzuri." "Za nyumbani?" "Nzuri." "Watoto hawajambo?" "Hawajambo." Lakini kila aliyekulia katika Kiswahili anajua kwamba mtu hujibu "nzuri" hata akiwa na mgonjwa ndani. Jambo lenyewe hufuata baada ya "ila": "Nzuri, ila mzee amelazwa tangu juzi." Na mara nyingi hilo "ila" halisemwi kabisa, kwa sababu aliyeuliza ameshageuka kwenda zake.

Kijitabu hiki kinahusu kinachotokea baada ya salamu. Msimamo wetu ni kwamba ufundi wa mazungumzo hauko katika ulimi mwepesi wala katika kujua habari nyingi. Uko katika swali la pili, yaani lile linalotokana na jibu ulilopewa sasa hivi.

Mwaka 2017, Karen Huang, Alison Wood Brooks na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti kuhusu maswali katika mazungumzo. Waliona kwamba watu waliouliza maswali zaidi walipendwa zaidi na waliozungumza nao, hasa pale maswali yalipofuatilia kile mwenzao alichosema. Swali la namna hiyo haliwezi kuandaliwa nyumbani. Ni lazima uwe umesikia kwanza.

Kwa nini kusikia ni kugumu

Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Tanya Stivers lilichapisha matokeo ya kupima jinsi watu wanavyopokezana zamu ya kusema katika lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia. Kutoka swali hadi jibu, wastani ulikuwa karibu sehemu moja ya tano ya sekunde. Huo ni muda mfupi kuliko ule ambao akili inauhitaji kuunda sentensi. Maana yake ni kwamba tunaanza kutunga jibu mwenzetu akiwa bado anasema. Ndivyo mwanadamu alivyo, wala si ukosefu wa malezi. Ndiyo maana inabidi tujizuie kwa makusudi: mwache amalize, vuta pumzi, kisha useme.

Watu wa hospitali wana mfano mzito wa jambo hili. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichunguza mazungumzo 74 kati ya madaktari na wagonjwa. Kwa wastani mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18. Hasara yake si kuvunjiwa heshima tu, kwani shida kubwa ya mgonjwa mara nyingi si ile anayoitaja kwanza. Huanza na kichwa kinachouma, akaja kwenye damu baadaye. Ukimdakia maneno kwenye kichwa, utamwandikia dawa ya kichwa.

Kumnyang'anya mtu habari yake

Hili tunalisema kwa mkazo, kwa sababu wanaolifanya ni watu wema na hawajui kama wanalifanya. Mtu anasema, "Mwezi huu nimeshindwa kulipa kodi ya nyumba." Unamjibu, "Afadhali wewe, mimi ninadaiwa miezi mitatu." Ulikusudia kumliwaza, lakini habari imeshahama kwake imekuwa yako, na sasa ni yeye anayepaswa kukupa pole.

Jibu lingine lenye madhara ni ushauri wa haraka: "Si ungeenda kukopa kwenye kikundi?" Huenda alishakwenda. Jaribu badala yake: "Pole sana. Mwenye nyumba amesemaje?" Swali hilo linamrudisha kwenye habari yake na kumfungulia njia. Ushauri utautoa ukiombwa, au baada ya kuuliza, "Nikwambie ninavyoona, au nisikilize kwanza?"

Tahadhari moja: maswali mfululizo humfanya mtu ajione yuko kituo cha polisi. Hasa "kwa nini". "Kwa nini hukuniambia?" ni lawama iliyovaa nguo za swali. "Ilikuwaje?" inauliza jambo lilelile bila kuhukumu.

Na simu igeuzwe kifudifudi. "Endelea tu, nakusikia," huku macho yako kwenye kioo, hakuna anayekuamini.

Mtoto anayejibu "poa"

Wazazi wengi hutwambia kwamba kijana wao akiulizwa shule ilikuwaje hujibu "poa" na kuingia chumbani. Swali pana mno halina pa kushikia. Uliza jambo dogo: leo mwalimu wa hesabu alikuja? Ulikaa na nani wakati wa mapumziko? Vijana pia husema zaidi mikono ikiwa na kazi na macho hayakutani, kama vile wakati wa kumenya viazi au mkiwa njiani kutoka sokoni. Kumkalisha kitini na kumwambia "sasa tuzungumze" humfunga mdomo.

Kisha msubiri. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aligundua kwamba walimu wengi, baada ya kuuliza swali, husubiri sekunde moja tu au pungufu. Walipojifunza kusubiri kama sekunde tatu, wanafunzi walitoa majibu marefu zaidi, na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Mzazi anaweza kusubiri vivyo hivyo.

Kwa mkubwa wako, adabu unaijua: shikamoo, kutokukatiza, na ukilazimika, "samahani, mzee, nikukatize kauli." Tunaongeza moja tu. Mkubwa naye amwulize mdogo jambo ambalo kweli hajui jibu lake.

Ukiambiwa jambo zito

Swali la pili linaweza kufungua habari usiyoitarajia: kipigo nyumbani, mtoto anayeguswa vibaya, mtu aliyechoka kuishi. Huhitaji kuwa daktari ili usikilize. Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi hiyo mwaka 2006 pamoja na kina bibi waliofundishwa kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliohudumiwa hivyo kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Usishtuke kwa sauti, wala usimwambie "usiseme hivyo." Ukihofia kwamba mtu anataka kujiua, mwulize waziwazi kama anafikiria hivyo. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Ukithibitisha, usimwache peke yake, na mfuatane hadi kituo cha afya. Kwa mtoto aliye hatarini, piga 116 ukiwa Tanzania, Kenya au Uganda. Kwa ukatili wa nyumbani, Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Kenya piga 1195.