SOMO LA SOKO: Mvinyo mchanga wa Italia hurudisha mtaji upesi, lakini hauwekeki

Dakika moja baada ya saa sita usiku wa kuingia tarehe 30 Oktoba, sheria ya Italia huruhusu kuanza kuuzwa kwa novello, mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu zilizovunwa wiki chache tu kabla yake. Hadi kanuni za mwaka 2012 tarehe hiyo ilikuwa 6 Novemba. Wiki moja huenda ikaonekana si kitu, lakini kwa bidhaa ambayo mauzo yake mengi humalizika kabla ya Krismasi, ni wiki ya thamani.

Mvinyo wa kawaida huanza kwa kuponda zabibu. Huu huanza kwa kutoziponda. Vichala vizima huwekwa katika tangi lililofungwa na kujazwa hewa ya kaboni dioksaidi. Kwa kukosa oksijeni, kila punje huanza kuchachuka ndani kwa ndani. Baada ya siku kadhaa hukamuliwa, na hamira humalizia kazi. Mfaransa Michel Flanzy ndiye aliyeichunguza njia hiyo mwaka 1934. Kinachopatikana ni mvinyo mwekundu mwepesi, wenye harufu ya matunda na tanini kidogo. Tanini ndiyo inayokausha ulimi, lakini pia ndiyo inayousaidia mvinyo mwekundu kukaa miaka mingi. Kwa hiyo kile kinachoufanya novello unyweke mapema ndicho kinachouzuia usiwekwe ghalani.

Faida yake kwa mwenye mtaji huonekana katika hesabu. Tuseme mtengenezaji amekopa euro 100,000 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Akiuza baada ya miezi miwili, riba ni euro 1,000. Mwenzake anayetengeneza Barolo hulazimika kisheria kuuweka mvinyo wake si chini ya miezi 38, ikiwamo 18 katika mapipa ya mbao. Kwa mkopo huohuo riba yake hufika euro 19,000, bila riba juu ya riba. Ndiyo maana hata majina makubwa hayakuidharau biashara hii: mwaka 1975 Angelo Gaja wa Piemonte alitoa Vinòt, na nyumba ya Antinori ya Toscana ikatoa San Giocondo.

Upande wa pili wa hesabu hiyo hausemwi sana. Barolo isiyouzwa mwaka huu yaweza kuuzwa mwaka ujao, pengine kwa bei nzuri zaidi. Novello hufaa kunywewa ndani ya miezi sita hivi. Mahitaji yake hupanda karibu na sikukuu ya San Martino, 11 Novemba, Waitalia wanapounywa pamoja na njugu za chestnut za kuchoma, kisha hushuka. Muuza duka aliyeagiza makasha mengi mno hubaki na mzigo ambao kila mwezi unapungua thamani, na mara nyingi aliagiza kabla hajauonja.

Kuna udhaifu mwingine, nao ni wa jina. Beaujolais nouveau ya Wafaransa, inayotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, hutokana na zabibu za aina moja, Gamay, na huchukua jina la eneo moja. Novello hutoka mikoa mingi na kwa aina nyingi: Merlot, Sangiovese, Teroldego na nyinginezo. Tena kanuni zinadai asilimia 40 tu ya mvinyo huo itokane na njia ya vichala vizima. Kabla ya 2012 ilikuwa 30. Chupa mbili zenye neno hilohilo zaweza kutofautiana sana, na mlaji aliyevunjika moyo mara moja hana haja ya kuuliza sababu.

Biashara hii iliyokua katika miaka ya 1980 na 1990 imepungua sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uchumaji wa vichala bila kuviponda na matangi ya pekee ni gharama, ilhali bei ya mvinyo mwepesi haipandi kirahisi.

Kwa anayenunua kwa jumla, lebo husaidia kidogo. Mwaka wa mavuno lazima uandikwe, na chupa zote hujazwa kabla ya mwisho wa Desemba wa mwaka huohuo. Punguzo kubwa la bei linalotolewa mwezi Machi basi linasomeka vizuri: muuzaji anahesabu miezi iliyobaki.