Misuli ya Ndani ya Mgongo: Jinsi Inavyopimwa

Jirani yangu mmoja hapa Kijenge, mama ambaye kwa miaka mingi ameteremsha ndizi kutoka mitelemko ya Mlima Meru, aliniuliza swali linalostahili kuwekwa mbele ya darasa la biolojia: "Mwalimu, kiuno kiliniuma majuma matatu kikapona kabisa. Mbona nikijitwika tena kinarudi?"

Msomaji asiharakishe kulaumu ngata na mkungu. Uchunguzi uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu waliweza kubeba mzigo wa asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi. Hata hivyo, kilichopimwa pale ni oksijeni, si mgongo.

Sehemu ya kiuno ya uti wa mgongo ina pingili 5. Zikiondolewa misuli katika maabara, zikabaki na nyuzi zinazoziunganisha tu, hupinda na kuanguka kwa mzigo wa nyutoni 90 hivi, yaani uzito wa kilo 9. Basi kinachotusimamisha ni misuli. Mwaka 1989 Bergmark wa Sweden aliigawa misuli hiyo katika makundi mawili: ile mikubwa ya nje, inayounganisha kifua na nyonga, na ile iliyoshikamana na pingili zenyewe. Katika kundi hili la pili umo msuli wa maltifidasi, uliolala kando ya pingili; nao msuli wa transvesasi huzunguka fumbatio mithili ya kibwebwe.

Mwaka 1996 Hodges na Richardson, huko Australia, waliwataka watu wainue mkono kwa haraka. Kwa wazima, transvesasi ilianza kukaza kabla ya msuli wa bega. Kwa wenye historia ya maumivu ya kiuno ilichelewa. Kwa hiyo swali la mpimaji si "una nguvu kiasi gani?" tu, bali pia "msuli huu unaamka lini?"

Jibu la jirani yangu limo katika kazi ya Hides na wenzake. Kwa kutumia mawimbi ya ultrasaundi, yaleyale yanayotumika kutazama mimba, waliona mwaka 1994 kwamba maltifidasi ilikuwa imesinyaa upande uleule unaouma. Miaka miwili baadaye walionyesha jambo zito zaidi: maumivu huweza kwisha na msuli usirudi katika ukubwa wake, isipokuwa ufanyiwe mazoezi maalumu. Katika taarifa yao ya mwaka 2001, maumivu yaliwarudia ndani ya mwaka mmoja asilimia 30 ya waliofanya mazoezi hayo, na asilimia 84 ya wasioyafanya. Mwanafunzi aangalie pia kwamba wagonjwa wote walikuwa 39 tu.

Pasipo mashine, mtaalamu wa fiziotherapia hutumia kidole gumba. Mgonjwa hulala kifudifudi; mpimaji hugusa kando ya pingili za chini, kisha mgonjwa huinua kidogo mkono wa upande wa pili. Msuli mzima hutuna chini ya kidole. Kipimo kingine ni mfuko wa hewa uwekwao chini ya tumbo, ukajazwa hadi milimita 70 za zebaki. Mgonjwa huvuta kitovu ndani polepole huku akipumua kama kawaida. Kanieneo ikishuka kwa milimita 6 hadi 10 na kubaki hapo kwa sekunde 10, kipimo kimefaulu. Aghalabu watu hudanganya bila kujua, kwa kuziba pumzi au kuinua nyonga.

Kipimo cha kidole gumba chaweza kujaribiwa darasani juu ya mkeka, wavulana kwa wavulana na wasichana kwa wasichana, bila kumhusisha mwenye maumivu. Matokeo yasomwe kwa tahadhari: vidole vya wapimaji wawili havikubaliani daima, na tafiti kubwa zilizofuata zimeonyesha kwamba, kwa wastani, mazoezi ya misuli ya ndani hayawashindi kwa kiasi cha maana wale wanaofanya mazoezi ya aina nyingine.

Mwenye maumivu ya kiuno yanayoambatana na miguu kuishiwa nguvu, kushindwa kuzuia mkojo, au homa na kukonda, asipimwe kwa kidole gumba hata kidogo. Apelekwe hospitali mara moja, kwa maana kifua kikuu nacho hula pingili.