Mfumo Mpya Dirishani: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Haya yanamhusu kila aliye mapokezi, dirisha la malipo, famasi au stoo ya hospitali, siku vitabu vya risiti vinapokusanywa na kompyuta kuwekwa mahali pake.

Usimpe mtu nywila yako. Hata mkuu wa kitengo, hata mwenzako wa zamu anayesema, "Dada, niingizie mgonjwa mmoja tu, foleni imefika getini." Kila kinachoingizwa kwa jina lako ni sahihi yako, na mkaguzi wa hesabu atalisoma jina hilo. Ukienda kunywa chai, toka kwenye mfumo kwanza.

Andika hitilafu papo hapo: saa, namba ya risiti, maneno yaliyotokea kwenye skrini, na afisa TEHAMA uliyempigia. Simu peke yake haitoshi. Tuma na maandishi, ubaki na nakala.

Usifidie upungufu kwa pesa ya mfukoni ili hesabu zilingane. Hili nalisisitiza kuliko yote. Mwaka 1999 Posta ya Uingereza ilianza kusambaza mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Ukawa unaonyesha upungufu ambao haukuwepo. Mawakala wa Posta hiyo waliopiga simu kulalamika, wengi waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo. Wakalipa kwa akiba zao, wakiogopa kupoteza vibanda vyao. Hadi 2015, zaidi ya 900 walikuwa wameshtakiwa kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo, na wengine walifungwa. Mahakama Kuu ya huko ilithibitisha kasoro za mfumo Desemba 2019. Sheria ya kufuta hukumu kwa mamia ikapita Mei 2024. Wapo waliokwisha kufa wakiitwa wezi.

Uliza maswali siku ya mafunzo. Anayenyamaza akisubiri posho atauliza baadaye, mbele ya mgonjwa mwenye maumivu.

Kijana unayejua kompyuta, mwamkie mzee wa stoo, kisha keti pembeni yake. Usimnyang'anye mausi. Mwache abonyeze mwenyewe, akosee, arudie, hata kama kazi ya dakika mbili itachukua kumi. Yeye ndiye anayejua dawa gani huisha mapema masika yakianza, na kwa nini idadi ya kwenye kadi haikulingana na boksi zilizo rafuni. Akikata tamaa akaacha kusema, mtaingiza takwimu za uongo kwa kasi kubwa.

Usiendeshe leja ya siri. Kama daftari na mfumo vitatumika pamoja kwa muda, tarehe ya mwisho iandikwe ukutani.

Mtandao ukikatika, usimwambie mgonjwa arudi kesho. Ahudumiwe kwa fomu za karatasi, na fomu hizo ziingizwe kwenye mfumo kabla ya kukabidhi zamu.

Mganga mfawidhi, usimfokee anayeleta taarifa ya kosa. Ipokee, isaini, mpe nakala yake.