SOMO KWA JAMAA: FURAHA NYUMBANI WAKATI MLANGO UMEFUNGWA



Sote tunakumbuka mwaka 2020. Tarehe 10 Machi ugonjwa wa Corona ulitangazwa Kinshasa. Tarehe 19 shule zikafungwa, na makanisa vilevile. Tarehe 24 Rais akatangaza hali ya dharura, nayo ikadumu hadi mwezi wa Julai. Ndugu zetu wa Beni na Butembo walikuwa wamekwisha kulijua jambo hilo mbele yetu, kwa sababu ya Ebola: aliyemgusa mgonjwa alichunguzwa siku 21. Kwa hiyo somo hili si la kukumbuka tu. Ugonjwa mwingine ukija, tutafungiwa tena pamoja.

Katika nyumba ya vyumba viwili, watu wanane wanaonana tangu asubuhi hadi usiku. Baba aliyezoea kutoka alfajiri, sasa anakaa kitini mchana kutwa, anaona kila kosa la mtoto na kukemea. Na mfuko ni mtupu, maana wengi wetu tunakula leo kile tulichopata leo. Tusidanganyane: mchezo haujazi sufuria. Lakini njaa na magomvi ni mizigo miwili, na mmoja wapo tunaweza kuutua.

Tuchukue kisoro. Hakuna ubao? Chimbeni uani safu 4 za matundu 8, mwokote kokoto 64. Babu ndiye mwalimu. Mtoto wa miaka saba anajifunza kuhesabu bila kujua kwamba ni masomo. Na baba akishindwa na mtoto wake, akubali na acheke mbele ya wote. Tunaona neno hili ni kubwa kuliko mchezo wenyewe, kwa maana mtoto aliyecheka na baba yake mchana hatamwogopa usiku akisikia homa. Naye mwenye homa asifichwe: atengewe sahani yake na mahali pake, dirisha wazi, na wengine wamwimbie kutoka mlangoni.

Sombe itwangwe kwa zamu na kwa wimbo, wavulana pia. Umeme ukikatika (nao hukatika), ni saa ya vitendawili na hadithi za bibi. Radio ya habari za vifo, mara moja kwa siku yatosha. Katika maombi ya jioni kila mmoja apate zamu ya kuongoza, hata mdogo. Lakini wakubwa wasirefushe hadi watoto wasinzie.

Mama naye apewe saa yake baada ya chakula cha mchana, alale au asuke nywele, na mtu asimwite. Chumvi ikitafutwa, baba anajua mahali ilipo. Kama hajui, siku hizo ni nafasi nzuri ya kujifunza.