Mcheza isukuti, umebeba nini nyuma ya jukwaa?

Muhula wa pili unapofika, vijana wengi wa Kakamega hujitosa katika mazoezi ya mashindano ya muziki, na isukuti ndiyo fahari yao. Ngoma hii ya Waisukha na Waidakho iliorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Aliyewahi kuitazama anaijua kasi yake: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikifuatana na pembe ya swara na njuga, na mabega yakitikiswa bila kupumzika. Kwa macho ya daktari, hiyo ni kazi ngumu ya misuli, moyo na mapafu, tena aghalabu miguu ikiwa mitupu. Hata hivyo, vikundi vingi hufika uwanjani vikiwa na mavazi kamili na ngoma za akiba, lakini bila hata bendeji moja.

Tuanze na tumbo. Usile ugali wa kushiba kisha ukimbilie jukwaani. Kula chakula cha kawaida saa mbili au tatu kabla ya zamu yako, na zamu ikichelewa, kama ilivyo desturi ya mashindano yetu, ndizi mbivu au kipande cha mkate kinatosha. Beba chupa yako ya maji safi na unywe kidogo kidogo tangu asubuhi. Wapo wanaodai kwamba tone la chang'aa hulegeza mabega. Pombe huvuruga usawa wa mwili na kukukausha maji, na aliyepepesuka hatikisi bega vizuri.

Jambo la pili ni kupasha mwili joto. Wachezaji wa bale katika majumba makubwa ya London na New York huwa na darasa la mazoezi kila siku hata siku ya onyesho, na hawavui nguo zao za joto mpaka karibu waitwe. Sisi nasi tunahitaji hayo hayo. Dakika kumi na tano kabla ya kuingia, tembea haraka, ruka polepole, zungusha mabega, magoti na vifundo vya miguu hadi uanze kutoka jasho. Ukimaliza kucheza, vaa fulana kavu.

Licha ya hayo, ajali hutokea, na ile ninayoiona zaidi katika kliniki yangu msimu huu ni kuteguka kwa kifundo cha mguu. Uwanja wetu una mashimo, na mchezaji hutazama watazamaji, si chini. Anapoteguka, mwondoe uwanjani mara moja. Funga barafu ndani ya kitambaa, usiiweke juu ya ngozi tupu, uikandamize hapo kwa dakika ishirini hivi. Kama hakuna barafu, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya kisima kinasaidia. Kisha zungusha bendeji ya kuvutika, isikaze hadi vidole vife ganzi, na umlaze mguu ukiwa juu ya mto au ngoma. Usimkande kwa mafuta ya moto wala kumpeleka kwa mkandaji siku mbili za kwanza, kwa maana joto na kukandwa huongeza uvimbe. Akishindwa kukanyaga hatua nne, au akilia ukibonyeza ncha ya mfupa wa kifundo, huenda mfupa umevunjika. Huyo anahitaji kupigwa picha hospitalini.

Mwalimu mpendwa, hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Kila msimu huletewa mwanafunzi aliyeumia, na aliyemleta huniomba nimdunge sindano ya maumivu ili acheze saa moja baadaye. Maumivu ni mlinzi wa mwili. Ukimnyamazisha mlinzi, mtoto atarukia mguu uliochanika, na jeraha la wiki mbili laweza kuwa la miezi kadhaa. Isitoshe, dawa kama diklofenaki huweza kudhuru tumbo na kuamsha pumu kwa baadhi ya watu, na aspirini haimfai mtoto wa chini ya miaka kumi na sita. Andaa wachezaji wawili au watatu wa akiba mapema, nawe hutakuja kuniomba sindano hiyo.

Jambo jingine linalotuhusu sana sisi wa magharibi mwa Kenya ni ugonjwa wa selimundu. Kwa mgonjwa huyu, chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu na kukwama katika mishipa midogo. Baridi, uchovu na ukosefu wa maji huzichochea, na hayo yote matatu hupatikana nyuma ya jukwaa. Simsihi mzazi amfungie mtoto nyumbani. Acheze, ila apumzike anapochoka, anywe maji zaidi ya wenzake, na awe na sweta na blanketi mvua yetu ya alasiri inapoanza. Akilalamikia maumivu ya mifupa, kifua au tumbo, au akipata homa, usiseme anadeka. Mpeleke hospitali upesi.

Mwenye pumu naye awe na pampu yake mfukoni mwa mwalimu aliye karibu, kwani vumbi la uwanja mkavu halitoi onyo. Mchezaji akizirai, mlaze chali, inua miguu yake, mfungulie mavazi yanayombana, wala usimnyweshe chochote hadi azinduke vizuri. Asipozinduka kwa dakika moja hivi, hiyo ni dharura. Aliyechomwa na msumari au kipande cha chupa aoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha apelekwe kuangaliwa kama anahitaji chanjo ya pepopunda. Wembe wa kunyolea usitumiwe na watu wawili, kwa sababu virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu. Wasichana wawe na sodo za akiba, na mwalimu wa kike azitunze, ili asiwepo anayeona haya kuuliza. Radi ikinguruma, ingieni ndani ya jengo au basi. Mti si mwavuli.

Vitu hivi vyote hutosha katika mkoba mmoja: bendeji mbili, plasta, pamba, sabuni, chupa ya maji, glavu, sodo na fulana kavu. Ongeza karatasi yenye jina la kila mchezaji, ugonjwa alio nao, dawa anazotumia na nambari ya simu ya mzazi. Mkoba huo ukae nyuma ya pazia na mtu mmoja asiyecheza, si ndani ya basi lililofungwa huku dereva akiwa ameenda kunywa chai.